Maneno Chini ya Krepi

"Mama Adolphine, ule ukuta wako wa kwa Mama Germaine, ni macho yangu inaharibika, ao unasema?"

Aliyeuliza alikuwa Kiki, muuza makaa wa pale kona, mwanamke ambaye mdomo wake hauna kufuli lakini moyo wake hauna sumu. Adolphine alikuwa anatoka misa ya asubuhi, rozari bado iko mkononi, viatu vimeshika tope jekundu la mvua ya jana. Alisimama.

"Unasema nini, Kiki?"

"Miye sikusoma sana, lakini ile naisoma. Enda weye mwenyewe. Bantu banajaa pale sawa vile kuko televisheni."

Adolphine hakuuliza tena. Alishika njia ya kwa Mama Germaine, maana sababu aliijua. Aliijua tangu siku kumi na tano, na kila siku alikuwa ameomba isitokee.

Huko Katuba, mtaani kwao, watu wengi wanamwita Mama Rangi. Baba yake alitoka Kongolo, akafanya kazi ya reli mpaka mgongo ukamkatalia. Yeye mwenyewe alimaliza shule ya msingi kwa masista, akaolewa na Sylvain, mpaka rangi, mtu wa maneno machache. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kumwoshea mumewe brashi na kumchanganyia rangi. Kisha kifua cha Sylvain kikaanza kuharibika. Siku alipolala asiamke tena kwenda kazini, kulikuwa na sebule ya mwalimu mmoja imebaki nusu nyeupe, nusu kijivu. Adolphine alifunga kitambaa kichwani, akachukua ngazi, akaenda kuimaliza. Mwalimu aliporudi jioni alimsifu Sylvain. Adolphine akamwambia taratibu kwamba Sylvain yuko kitandani. Tangu hapo imepita miaka kumi na nane, na kumi na saba kati yake ni ya ujane.

Wanaume wa kazi hiyo walimcheka. "Mama, ukuta si bukari," mmoja alimwambia siku moja, kana kwamba mikono yake ni ya kusonga ugali tu. "Ni kweli," akajibu, "bukari inakubali haraka, ukuta hapana." Walicheka tena, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa kingine.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kufungua kopo alifanya ishara ya msalaba, kisha akaweka kiganja juu ya ukuta, kama mtu anayempima mtoto homa. Na alishika sheria mbili alizoachiwa na Sylvain. Ya kwanza: rangi ya mafuta ya zamani ichongwe mpaka tofali lionekane, ndipo krepi, yaani lipu ya saruji na mchanga, ipigwe juu. Ya pili: krepi mpya ingoje wiki nne bila rangi, hata mwenye nyumba alie. Kwa miaka yote hiyo alizishika. Mara moja tu alizivunja, zote mbili kwa pamoja, na ilikuwa kwa Mama Germaine.

Mama Germaine alikuwa mjane wa Baba Émile, karani mstaafu wa kampuni ya shaba, aliyejenga nyumba ile tofali kwa tofali. Miaka sita iliyopita, Baba Émile alipokufa, mwana wake wa kwanza, Edouard, ambaye kazi yake ni kupitisha karatasi za malori kwenye mpaka wa Kasumbalesa, alileta mtu mwenye kamba ya kupimia. Mwezi ulikuwa haujaisha tangu mazishi. Clément, mdogo wake, hakupiga kelele. Alienda sokoni, akarudi na kopo la rangi nyeusi ya mafuta, na kwenye ukuta wa mbele, pale barazani, akaandika kwa herufi ndefu kama mkono wa mtu: NYUMBA HII HAIUZISHWE.

Katika mji huu maneno ya namna hiyo si ajabu. Ukipita avenyu tatu utayasoma mara kumi, na nyuma ya kila moja kuna ndugu wasiosalimiana. Lakini mama mzazi hazoei. Tangu siku ile Edouard hakuvuka tena mlango wa parsele, yaani uwanja wa nyumba. Akija kumwona mama yake alisimama barabarani, mama anatoka na kigoda chake, wanazungumza pale pale, vumbi la pikipiki linawapita usoni.

Mwaka huu miguu ya Mama Germaine ilianza kuvimba. Mwezi wa kumi alimwita Adolphine, kwa kuwa walisali katika shirika moja, jumuiya ndogo ya parokia.

"Adolphine mwanangu, daktari ananiambia maneno muzuri-muzuri, lakini mwili wangu miye naujua. Siku nitakufa batanilaza hapa barazani, na bantu batakuja kulia. Sitaki banililie chini ya yale maneno. Yatoke. Na batoto bangu bakule sahani moja, miye naona. Ni ile tu."

Ombi la mgonjwa ni mzigo, na Adolphine aliubeba. Alienda kwa Clément, akampigia Edouard simu, akarudi kwa Clément. Mwishowe Clément alikubali maneno yatolewe, kama kaka yake ataahidi mbele ya shirika kwamba nyumba haitauzwa. Edouard alikubali kuahidi. Lakini akasema atapata ruhusa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja tu. Isipokuwa hiyo, ni mwaka kesho.

Zilibaki siku kumi na moja.

Siku ya kwanza Adolphine alianza na herufi N. Clément alikuwa ameikandamiza rangi ile kwa hasira, mkono juu ya mkono, tabaka juu ya tabaka, nayo ilikuwa imeshika kama ngozi. Ile N peke yake ilimla siku nzima, patasi na nyundo, mpaka tofali jekundu likaonekana safi. Jioni alihesabu herufi zilizobaki, kisha akasikia Mama Germaine anavuta pumzi ndani kama mtu anayepanda kilima.

Kesho yake hakuchonga tena. Zile nyingine alizisugua kwa brashi ya waya, akazipitishia msasa, akazipangusa. Akamwita Constantin, fundi wa krepi. Constantin alipitisha kidole juu ya ukuta, akamtazama.

"Mama Rangi, hii mafuta tunaiacha humu?"

"Weka tu, Constantin. Mungu atatusaidia."

Neno hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko mengine yote. Kukimbiza kazi ni kosa la mtu. Lakini kumtia Mungu dhamana kwa kazi ambayo wewe mwenyewe unajua ni mbovu, hilo aliliona kosa la namna nyingine.

Jua la siku zile lilikuwa kali, la kabla ya mvua. Siku ya sita krepi ilikuwa imepauka na yenye joto chini ya kiganja. Alijua kwamba uso wa ukuta unaweza kukauka na moyo wake ukabaki na maji. Alijua, akapaka. Mkono wa kwanza, mkono wa pili, rangi ya maji, nzuri kama maziwa.

Jumapili ile Edouard alivuka mlango. Mbele ya shirika lote alisema, "Nyumba ya baba haitauzishwa, miye nimesema." Clément alimnawisha mikono. Walikula bukari na kuku katika sahani moja, na Mama Germaine, amekaa kitini na miguu juu ya mto, alicheka mpaka machozi. Watu walimpongeza Adolphine. Yeye alikula tonge mbili, akasema ameshiba.

Na sasa mvua zilikuwa zimeanza, hewa imejaa unyevu, na watu walijaa mbele ya nyumba kama Kiki alivyosema.

Ukuta ulikuwa umetoka jasho. Kila mahali ulikuwa mweupe, isipokuwa pale ambapo unyevu ulikuwa umechora. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge, nyeusi-nyeusi kama nguo iliyolowa, na pembeni mwake chumvi imeota kama ukungu juu ya mkate. Malengelenge hayo yalikuwa herufi. Yalisomeka toka barabarani.

"Ni Baba Émile," mzee mmoja alisema, ameshika kofia yake kifuani. "Amekataa."

"Miye nilisema toka mwanzo, maneno ya nyumba haifutwe na brashi!"

Clément alisimama kando na mikono kifuani. Alikuwa na hofu, lakini ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kama fahari. Simu yake ililia. Mtu alikuwa amekwisha kutuma picha Kasumbalesa, na sauti ya Edouard ilisikika mpaka kwa majirani: "Clément, ulificha nini ndani ya ile rangi? Unanichezea? Miye neno langu nalirudisha!"

Adolphine aliingia ndani. Mama Germaine alikuwa amegeukia upande wa ukuta, na bakuli la uji liko chini, limepoa.

"Émile hataki nipumzike," alisema bila kugeuka. "Nimemukosea wapi, Adolphine?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Adolphine aliokota bakuli la uji badala yake. Alipotoka nje wanawake wa shirika walimshika mabega. "Pole, Mama Rangi. Kazi yako yote bure. Roho za bale bamekufa ziko na nguvu kupita rangi." Hakuna hata mmoja aliyemlaumu. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kama wangemtukana angejitetea, na katika kujitetea ukweli ungetoka. Lakini walimhurumia, akaipokea huruma yao, akaenda nayo nyumbani.

Siku tatu alinyamaza. Alijiambia kwamba akisema, nani atamwita tena? Mwanamke mmoja tu kati ya wapaka rangi wote, na jina lake lilijengwa kwa miaka kumi na nane. Alijiambia pia kwamba mambo yatapoa yenyewe. Hayakupoa. Mama Germaine alikuwa anakunywa maji tu. Watu wa chumba kimoja cha maombi walikuja kupiga kelele barazani, wakimfukuza Baba Émile katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Siku ya Ijumaa, katika misa, walipofika pale pa kukiri dhambi na kujipiga kifua, mkono wa Adolphine ulibaki hewani. Haukushuka. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Alitoka kanisani akijua kwamba kesho atasema.

Jumamosi Edouard alifika kutoka mpaka. Alisimama barabarani kama zamani. Shirika lilikuwa limekusanyika uani, kila mtu na shauri lake.

"Nitaingia aje katika nyumba yenye inanifukuza?" alisema kwa nguvu.

"Nyumba haikufukuze, Yaya," Clément akamjibu kaka yake mkubwa. "Baba anakukumbusha tu."

"Baba! Na ni weye ulimupa rangi?"

Adolphine alipita katikati yao na kikapu chake, akakiweka barazani, akatoa nyundo na patasi. Watu walidhani amekuja kurudia kazi.

"Papa Edouard, naomba ukuje karibu," alisema. "Si kwa kuingia. Kwa kusikia tu."

Edouard alisita, kisha akasogea mpaka mlangoni. Adolphine aligonga ukuta mahali peupe, pasipo na doa. Sauti ilikuwa imejaa, kavu. Akagonga juu ya herufi. Sauti ilikuwa tupu, kama ya kopo. Akagonga tena huku na kule, na kila mtu alisikia tofauti.

"Kiki, unisomee ile neno ya kwanza."

Kiki alikunja uso. "Yumba," akasema.

"N iko wapi?"

Watu walinyosha shingo. Ni kweli: mbele ya Y ukuta ulikuwa mweupe na laini, bila lengelenge hata moja. Siku tatu waliusoma ukuta ule, na kwa kuwa maneno waliyajua kwa moyo, jicho lilikuwa limejaza lenyewe.

"N niliichonga na hii mikono, mpaka kwa tofali," Adolphine alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Zile zingine sikuzichonga. Nilikimbiza kazi. Nilizisugua juu-juu, nikamwambia Constantin afunike. Aliniuliza, miye nikamujibu weka tu. Krepi inakauka kwa kutoa maji mbele na nyuma. Pale kwenye mafuta, nyuma ilifungwa, maji yote yakabaki. Na juu yake nikapaka rangi siku ya sita, miye mwenye najua ni wiki ine. Si Baba Émile. Na si Clément. Ni miye."

Aliweka patasi pembeni mwa herufi H, akapiga mara moja. Kipande cha krepi kilianguka chenyewe, kizima kama sahani, na nyuma yake rangi ya Clément ilionekana, nyeusi, inang'aa, imelowa.

Kiki ndiye aliyesema kwanza. "Nami nilijiuliza! Baba Émile alikuwa karani miaka makumi tatu. Angeacha N?"

Wachache walicheka, kicheko kifupi cha watu walioona haya. Lakini mwanamke mmoja wa shirika, Abigaël, hakucheka. "Na siku tatu ulitutazama tu, Mama Rangi? Tunafunga kula, tunakemea pepo, na weye unajua?"

"Nilijua."

"Na mama mugonjwa anakataa chakula?"

"Nilimuona. Musinihurumie kwa ile."

Hakuna aliyemhurumia. Edouard alikuwa amevuka mlango bila kujua kwamba amevuka. Alienda mpaka ukutani, akaweka kidole katika lengelenge, likapasuka, maji yakashuka mpaka kwenye mkono wa shati lake. Alikunja mkono wa shati, akamgeukia mdogo wake.

"Clément," alisema mwisho, "miye nilikuita mwongo."

"Na miye nilifurahi kidogo, Yaya," Clément akasema, macho chini. "Nilifikiri baba iko upande wangu."

Adolphine aliwaacha, akaingia kwa mgonjwa. Alipiga magoti karibu na kitanda, akarudia yote tangu mwanzo, polepole, kwa kuwa masikio ya Mama Germaine yalikuwa mazito. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi Émile hakusema kitu?"

"Hakusema kitu, mama."

"Hata kidogo," mzee akasema, na uso wake ukalegea. "Alikuwa muntu wa kunyamaza." Kisha akaomba uji, na usiwe wa baridi.

Kurekebisha kosa la krepi ni kazi kubwa kuliko kuipiga. Adolphine hakuita mtu. Rangi yote aliikwangua, na ile yenye malengelenge ilitoka kama ganda la yai. Krepi iliyolia sauti tupu aliibomoa yote, hata pale palipoonekana pazima, akigonga na kusikiliza, akigonga na kusikiliza. Chumvi aliifagia kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Ndipo akaanza kuchonga herufi. Siku ya pili Clément alikuja na nyundo yake. "Hizi niliandika miye," alisema, akachukua upande wa mwisho wa maneno. Edouard, kabla ya kurudi mpakani, alibeba vifusi kwa karai, na suruali yake ya ofisi ikawa nyeupe mpaka magotini. Herufi zilipokwisha, tofali lilikuwa jekundu toka mwisho mpaka mwisho, limejaa alama za patasi kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Constantin akapiga krepi mpya, safari hii bila kuuliza kitu.

Siku ya tatu ya krepi, Mama Germaine aliomba atolewe nje. Walimleta na kiti chake. Ukuta ulikuwa kijivu, unaparuza, hauna rangi wala neno. Alinyosha mkono, akaupapasa, akaunusa mkono wake.

"Hakuna kitu ya kusoma," alisema, akacheka.

Alikaa mbele yake mpaka jua likahama.

Wiki ya pili ya krepi ilipoisha, Mama Germaine alikufa, asubuhi, baada ya kuomba maji na kabla hayajafika. Edouard alifika kutoka Kasumbalesa adhuhuri, akaingia moja kwa moja mpaka ndani, na hakuna aliyemkumbusha barabara. Hema lilifungwa, viti vya plastiki vikashushwa, na ikajulikana kwamba kesho mwili, uliokwisha kupelekwa chumba cha maiti cha hospitali, utarudishwa, ulale barazani, ndipo uende makaburini.

Adolphine alikuwa jikoni na wanawake wengine anapepeta unga, wakati Edouard na Clément walipomwita. Walimpeleka barazani, wakasimama mbele ya ukuta, mmoja huku, mmoja kule.

"Mama Rangi," Edouard alianza, "kesho bantu batatoka kila mahali. Bakubwa ba kazi yangu, bantu ba parokia. Mama hawezi kulala mbele ya ukuta wa namna hii. Ni haya."

"Mukono moja tu ya rangi," Clément akaongeza. "Tunajua itaharibika. Iharibike. Utakuja kuirudilia nyuma ya mazishi."

"Mukono moja," Edouard akasema. "Kwa heshima ya mama."

Adolphine aliwatazama. Kwa miaka sita hakuwahi kuwasikia wakiomba kitu kimoja kwa mdomo mmoja, na ilimuuma kwamba kitu hicho kilikuwa hiki. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga. Aliipangusa, akaweka kiganja juu ya ukuta. Ulikuwa na joto, mkavu kabisa, kama ule wa kwanza. Kisha akainama hadi chini kabisa, mahali alipokuwa amebandika kipande cha plastiki ya uwazi kwa utepe tangu jana. Alikibandua, akawanyoshea. Upande wa ndani ulikuwa umejaa matone madogo ya maji: moyo wa ukuta ulikuwa bado haujakauka.

Edouard alikichukua, akampa Clément. Clément alikitazama, akaangalia hema, akaangalia viti vilivyopangwa safu kwa safu kuelekea pale. Nje Kiki alikuwa ameanza wimbo wa kilio na wanawake wanamwitikia.

Adolphine alifanya ishara ya msalaba.

"Naomba muniachie ukuta huu wiki mbili tena," alisema. "Mama yenu, mumulilie mbele yake hivi hivi."